Nyeupe ya Bi Sechelela

Aliileta imekunjwa mara nne,
ukurasa wa kalenda ya mwaka uliokwisha zamani:
mke wa mfanyabiashara wa Amsterdamu,
gauni jeupe limefungwa chini ya kifua,
mikono wazi hadi begani, na nyuma yake
nguzo ya jiwe isiyobeba paa.
"Nichore hivi," akasema Bi Sechelela,
akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda changu,
Majengo, kati ya fundi viatu na muuza ubuyu.

Mimi ni mtu wa mabango.
Nimechora ng'ombe wa bucha saba, wote wakitabasamu,
nimechora vichwa vya saluni, mkasi, bei za kusuka.
Nyeupe yangu ni ya kopo, ya milango ya vyoo vya shule.
Nikaitazama ya Mholanzi:
ndani yake mna kijani kidogo, waridi kidogo,
na kivuli cha kwapa, rangi ya maziwa yaliyolala.
Aliyeipaka alikaa siku ngapi na kitambaa kile?
Na nani alikifua?

Hilo lilinigandia.
Gauni lile halijui jasho. Shali ya begani
ilitoka Bara Hindi, sukari ya kikombe ilitoka
mahali ambapo mchoraji hakupeleka brashi.
Nilimtafuta mfuaji pembeni mwa ukurasa,
kwenye mikunjo ya pazia, nyuma ya nguzo.
Hayupo. Kuna tundu la pini tu,
limemtoboa bibi sikio pasipo hereni.

Nilianza Jumatatu. Agosti,
upepo wa Dodoma haubishi hodi.
Kila nilipolaza nyeupe, vumbi lilikuja kukaa juu yake
kama mgeni aliyeona jamvi limetandikwa.
Nikafuta, nikapaka. Likarudi.

Jumatano, nguzo.
"Hii ya nini?"
Nikamweleza nilichowahi kusikia: kwamba enzi zile
Ulaya iliwatamani Wayunani wa kale,
matajiri wakawavika wake zao kama miungu ya mawe
ili fedha ya juzi ionekane ya tangu na tangu.
Akacheka hadi mtandio ukaanguka.
"Mimi na miungu ya mawe, wapi na wapi?
Nguzo zangu ziko Hombolo, mia nne na ushee,
za mti, zimefungwa waya, kila moja shimo lake nimechimba mimi.
Chora moja ya hizo. Ile iliyoinama."

"Na mikono, mama?
Yake laini, kama haijawahi kufungua hata mlango."
Akaitandaza mapajani. Kucha za buluu;
mrututu umeingia kwenye mistari ya viganja
tangu mwaka aliofiwa, shemeji wakaja kuhesabu mizabibu,
naye akawahesabia makosa yao ya hesabu.
"Usiisafishe.
Lakini gauni liache jeupe. Jeupe nalitaka."

Simlaumu. Hata yule wa Amsterdamu simlaumu sana.
Jicho lake la kushoto lina doa la mwanga,
dirisha labda, na ndani ya dirisha,
nikisogeza ukurasa hadi puani,
kuna kitu cheusi kimesimama: huenda ni mchoraji,
huenda ni wino wa kiwandani tu.
Nikataka kumwekea Bi Sechelela dirisha kama lile.
Kibanda changu hakina dirisha. Nikachora mlango wazi,
na mimi mlangoni, ukubwa wa punje ya uwele.

Picha imekauka. Ukipitisha kidole kwenye gauni
utahisi mchanga. Nilimwomba radhi.
Akapitisha kidole, akakinusa.
"Hili limevaliwa," akasema.
Akanilipa, akakata elfu tano:
nguzo, alisema, nimeiinamisha kupita kiasi.